Wakati Uliofungwa: Ukimya wa Kalenda ya Kanisa katika Kazi za J. S. Bach

Utangulizi

Katika mazungumzo ya wahubiri jina la Johann Sebastian Bach hutajwa mara kwa mara kama kielelezo cha mtumishi asiyechoka. Husemwa kwamba alitunga kantata kila juma, akafundisha shule, akalea watoto wengi, na kazi zake zimedumu hata leo. Basi mchungaji anayeomba siku moja ya kupumzika katika juma ana hoja gani? Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba fikra hiyo imejengwa juu ya usomaji mbaya wa historia na, lililo zito zaidi, juu ya usomaji mbaya wa kazi zenyewe.

Hatuyaleti mambo haya kwa kuwa sisi ni wanamuziki. Tunayaleta kwa kuwa mahubiri nayo ni utunzi. Anayepanda mimbarini kila Jumapili ni mtunzi wa kila juma, na yaliyompata Kantori wa Leipzig yanamhusu. Kwa upande mwingine, wako wanaodhani kwamba kipaji huja chenyewe pale mtu apatapo nafasi tele, wala hakipatani na ratiba. Hao nao tutawajibu, maana Bach hawaungi mkono hata kidogo.

1. Mwendo wa kazi

Bach alianza utumishi wake huko Leipzig, Ujerumani, Jumapili ya kwanza baada ya Utatu, tarehe 30 Mei 1723, akiwa na umri wa miaka 38. Katika makanisa makuu mawili ya mji, la Mt. Thomas na la Mt. Nikolai, ilitakiwa kantata kwa kila Jumapili na kila sikukuu, yaani takribani 60 kwa mwaka. Kantata iliimbwa baada ya somo la Injili na kabla ya mahubiri, ikichukua kama dakika 20 hadi 30. Juma lilipokwisha, nyingine ilitakiwa. Zaidi ya hayo, Kantori alifundisha wavulana wa shule ya Mt. Thomas, na kwa zamu ya juma moja katika kila manne alikuwa msimamizi wao tangu kuamka hadi kulala.

Hakuna aliyemlazimisha kutunga kila kitu mwenyewe. Angaliweza kutumia kazi za watu wengine, kama walivyofanya makantori wengi. Yeye alichagua kutunga, na katika mwaka wa pili, kuanzia Juni 1724, alijifunga kwa sharti gumu zaidi: kila kantata ijengwe juu ya wimbo mmoja wa Kanisa. Kazi zipatazo 40 zilitungwa kwa sharti hilo, na zimo miongoni mwa zilizo bora kabisa alizoandika. Hapo tunawajibu wale wanaongojea nafasi tele. Siku iliyopangwa, somo lililopangwa na wimbo uliopangwa havikumzuia mtunzi. Vilimwondolea mashaka ya kuuliza aanzie wapi, vikamwachia nguvu za kuuliza neno hili lina maana gani.

Lakini hata katika mwendo huo zipo dalili kwamba alijua mipaka ya mwili. Kati ya tarehe 25 Desemba 1723 na 9 Januari 1724, muda wa siku 16, ziliimbwa kantata saba. Ya Krismasi yenyewe hakuitunga upya. Aliichukua katika kazi zake za zamani za Weimar. Tena ile ya tarehe 2 Januari haina utunzi mkubwa wa kwaya mwanzoni. Kwaya huimba nyimbo za Kanisa tu, kwa namna nyepesi ya sauti nne, na ala ni za nyuzi pamoja na kinanda. Wachambuzi wengi wameona hapo huruma ya mwalimu kwa wavulana waliokwisha kuchoka. Nasi twaona hivyo hivyo, tena twaongeza kwamba kantata hiyo haikupungukiwa na uzito kwa sababu hiyo. Unyofu wake unaifaa habari yake, yaani mwamini aliyezingirwa na adui, asiye na nguvu za kusema maneno mengi.

2. Ukimya ulioamriwa

Wanaomtaja Bach kama mtu asiyepumzika husahau jambo moja la kalenda. Huko Leipzig haikuimbwa kantata Jumapili ya pili, ya tatu na ya nne za Majilio, wala katika Kwaresima, isipokuwa siku ya Kupashwa Habari Mariamu, tarehe 25 Machi. Desturi hiyo ya kale iliitwa kwa Kilatini *tempus clausum*, yaani wakati uliofungwa. Kanisa lenyewe lilinyamaza ili lingoje na kutubu. Kantori hakuomba likizo, wala hakuhitaji kueleza kwamba amechoka. Kinanda kilipunguza sauti, na dai la kila juma likakoma.

Tutazame yaliyotokea baada ya ukimya huo. Baada ya Majilio ya 1723 ilisikiwa, katika ibada ya jioni ya Krismasi, *Magnificat* yenye sauti tano za kwaya. Baada ya Kwaresima ya 1724, Ijumaa Kuu tarehe 7 Aprili, yaliimbwa kwa mara ya kwanza Mateso ya Bwana kwa kadiri ya Yohana, kazi ndefu kuliko yoyote ambayo watu wa Leipzig walikuwa wamepewa na Kantori wao mpaka siku ile. Miaka tisa baadaye, mtawala wa Saksonia alipofariki tarehe 1 Februari 1733, muziki wa aina hiyo ulisimamishwa makanisani kwa maombolezo hadi mwanzoni mwa Julai. Tarehe 27 Julai mwaka uo huo Bach alimkabidhi mtawala mpya Misa yenye *Kyrie* na *Gloria*, ambayo mwishoni mwa maisha yake aliikuza ikawa Misa kuu katika B ndogo.

Hatutaki kudai kupita ushahidi. Bach hakuacha shajara, na ni dhahiri kwamba majuma hayo hakukaa bure, maana kazi kama ile ya Yohana haitungwi kwa siku mbili. Kwa hiyo tutofautishe mambo mawili. Pumziko tunalolisema hapa si kutofanya lolote. Ni kuondolewa dai la juma, ili akili iweze kukaa na jambo moja hadi likomae. Ukisikiliza Mateso kwa Yohana utaona tofauti hiyo katika umbo lake. Karibu na kiini cha kesi mbele ya Pilato nyimbo za kundi la watu zimepangwa kwa ulinganifu, za mwanzo zikirudi tena kwa mpangilio wa kugeuzwa, na katikati yake umesimama wimbo wa kusanyiko juu ya kifungo cha Kristo kilichotuletea uhuru. Mpangilio wa namna hiyo huhitaji mtu aone mwanzo na mwisho kwa pamoja. Kantata ya kila juma yaweza kuwa nzuri sana, lakini haimpi mtunzi mlima wa kutazamia mbali hivyo.

Itafaa kukumbuka pia kwamba waajiri wake hawakuliona hilo. Mwaka 1730, mitatu baada ya kazi kuu ya Mateso kwa Mathayo, baraza la mji lilimlaumu kwamba hafanyi kazi, likakusudia kumpunguzia mapato. Walihesabu vipindi vya darasani. Kwa hesabu hiyo huenda walikuwa na haki. Ila hesabu hiyo haikuwa na safu ya kuandikia Mateso kwa Mathayo.

3. Wimbo mmoja wa usingizi, maana mbili

Tarehe 5 Septemba 1733 Bach alitoa kantata isiyo ya kanisani kwa siku ya kuzaliwa ya mwana wa mtawala. Hadithi yake ni ya Herkules kijana akiwa njia panda, akivutwa huku na Anasa na huku na Wema. Anasa humwimbia wimbo wa kumbembeleza alale na kuonja starehe. Ni wimbo mtamu, na ndani ya hadithi ni mtego.

Miezi 15 baadaye wimbo ule ule ulirudi katika Oratorio ya Krismasi, sehemu ya pili, iliyoimbwa tarehe 26 Desemba 1734. Maneno yamebadilishwa sehemu kubwa na sauti imeshushwa, hata unaimbwa na sauti ya pili badala ya ya kwanza. Sasa anayebembelezwa ni mtoto Yesu horini. Tena wanaoagizwa kwenda kuuimba ni wachungaji wa makondeni, watu wa zamu ya usiku.

Wapo waliomlaumu Bach kwa kutumia tena kazi ya sherehe za kidunia, kana kwamba alikuwa mvivu. Sisi twaona kwamba marudio hayo ni ufafanuzi. Sauti ya pumziko ni moja, na swali ni nani anayeiimba na kwa ajili ya nani. Ikiimbwa na Anasa, pumziko ni njia ya kukimbia wito. Ikiimbwa horini, aliyelala ni Mungu aliyetwaa mwili unaochoka, naye mchungaji huitwa aache kundi kidogo aende kumtazama. Lugha yetu imetupa neema hapa, maana hutuita sisi na wale wa Bethlehemu kwa jina moja. Mchungaji anayeona kila pumziko kuwa ni sauti ya Anasa ameusikia wimbo huo mara moja tu, nao uliimbwa mara mbili.

Katika marudio hayo limo pia fundisho kwa mhubiri anayeona haya kurudia mahubiri yake. Kusoma karatasi ile ile ya miaka mitatu iliyopita ni jambo moja. Kulichukua wazo la zamani na kulihamisha sauti, mahali na msikilizaji ni jambo jingine. Hata kuazima si aibu kila mara: mwaka 1726 Bach aliimbisha kantata 18 za jamaa yake Johann Ludwig Bach wa Meiningen, na katika majuma hayo hakutunga za kwake.

4. Pumziko la nani?

Hata hivyo tusimsifu bila kuuliza nani alibeba mzigo. Anna Magdalena, mke wake, aliyekuwa mwimbaji wa kulipwa kabla ya kuhamia Leipzig, alizaa watoto 13 kati ya 1723 na 1742, akawazika saba wakiwa wadogo, na kati ya hayo alinakili kazi za mumewe kwa mkono wake. Wavulana wa shule nao walinakili na kuimba mazishini katika baridi. Kalenda ilimfungia Kantori wakati. Haikumfungia mama wa nyumba.

Hapa ndipo Luther hutusaidia, na pia hutukosoa. Tuliojifunza Katekisimo Ndogo kwa ajili ya kipaimara twajua kwamba ufafanuzi wake wa amri ya tatu husema juu ya kulisikia na kuliheshimu Neno. Juu ya mwili uliochoka hausemi kitu. Wengi wetu tuliishia hapo. Lakini katika Katekisimo Kubwa ya 1529 Luther anasema pia kwamba siku hiyo hushikwa kwa ajili ya haja ya mwili, akiwataja kwanza watumishi wa kiume na wa kike waliofanya kazi juma zima. Kwa hiyo kipimo cha Kilutheri cha pumziko si iwapo mtunzi amepata utulivu wake. Ni iwapo anayempikia na kumnakilia amepumzika pia.

Hitimisho

Turudi nyumbani. Katika sharika zetu nyingi ndoa hazifungwi wakati wa Kwaresima. Hicho ni kipande cha wakati uliofungwa kilichotufikia. Tumeushika mlango, chumba chenyewe tumekijaza. Majilio yamekuwa majuma ya vikao vya kufunga mwaka, mavuno ya ahadi, mazoezi ya kwaya na mapokezi ya wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, na Kwaresima imeongezewa ibada bila kupunguziwa kitu.

Sisi wenyewe tulipokuwa tukihudumia usharika wenye mitaa minne, tulihubiri Jumapili moja ya Majilio mara tatu, kisha jioni tukazika. Kaburini tuligundua kwamba tunamwambia mjane maneno tuliyokwisha kuyasema asubuhi juu ya jambo jingine. Yalikuwa maneno ya kweli, lakini hayakuwa yake. Mjane alitushukuru kwa heshima, nasi tulijua kwamba hakupewa kitu. Methali ya haraka na baraka haitoshi kulieleza kosa hilo, kwa sababu Bach naye alikwenda haraka. Kilichotukosa hakikuwa mwendo wa polepole. Ni majuma ambayo hatutakiwi kusema.

Kwa hiyo pendekezo letu halielekezwi kwa mchungaji mmoja mmoja, kumwambia ajipangie vizuri. Mtu mmoja akinyamaza peke yake huonekana mvivu, kama Kantori mbele ya baraza lake. Linaelekezwa kwa halmashauri za dayosisi na kwa vyuo vyetu. Kalenda iliyo mezani pa kila mchungaji na iandikwe ndani yake majuma mawili ya Majilio na mawili ya Kwaresima yasiyo na kikao, semina wala changizo, ambapo Neno litasomwa, kusanyiko litaimba, na mwinjilisti, mhudumu wa kanisa na nyumba ya mchungaji watapumzika pamoja naye. Nasi tunaofundisha tuanze kwa ratiba zetu. Mwanafunzi asiyeachiwa nafasi ya kukaa na andiko moja kwa juma zima hatajua kulifanya atakapokuwa na mitaa minne.