Jina la mungu na muzigo wake: hadisi za zamani ndani ya «Naruto»

Katika kijitabu chenye kusema juu ya desturi, musomaji anaweza kuuliza filme za kuchorwa za Wajapani zinatafuta nini humu. Jibu ni fupi. Hizo filme, zenye watoto wetu wanaita anime, zimejaa hadisi za zamani: miungu, mizimu, nyoka wa vichwa nane, wanyama wenye kusema. Mwanafunzi wa sekondari mwenye hajui jina la babu wa babu yake anaweza kukutajia Amaterasu, Susanoo na Izanagi bila kusita. Wakubwa wamoja wanacheka, wengine wanakasirika. Lakini kucheka na kukasirika siyo kusoma. Inafaa tusome hadisi hizo sawa vile tunasoma hadisi nyingine yoyote, na tupime kama zimeandikwa vizuri ao vibaya.

Hapa nachagua moja, Naruto, ya Kishimoto Masashi. Ilitoka kwanza kama hadisi ya picha katika gazeti la kila juma Shonen Jump, kuanzia 1999 mpaka 2014, sura 700. Filme zake zilionyeshwa kwa televizyo ya Japani kuanzia 2002 mpaka 2017. Maoni yangu ni haya: kukopa jina la mungu ni kazi rahisi. Kile chenye kinamupa mutu wa hadisi uhai ni kukopa pia muzigo wa ule mungu, maana yake muiko wake, hasara yake, deni lake. Pale Kishimoto anakopa muzigo, anaandika vizuri sana. Pale anakopa jina tu, hadisi inalegea.

1. Macho yenye kulipa

Kojiki ni kitabu cha Wajapani cha mwaka 712, chenye kukusanya hadisi za asili ya miungu na ya nchi yao. Humo Izanami, mama wa visiwa, anakufa wakati wa kuzaa mungu wa moto, Kagutsuchi. Bwana yake, Izanagi, anamufuata mpaka inchi ya wafu. Izanami anamuomba asimuangalie. Yeye anaangalia, anaona mwili umeoza, anakimbia kwa woga, na kufunga njia kwa jiwe kubwa. Kisha anaenda kujiosha. Anapoosha jicho la kushoto, Amaterasu anazaliwa, ndiye jua. Anapoosha jicho la kuume, Tsukuyomi anazaliwa, ndiye mwezi. Anapoosha pua, anazaliwa Susanoo, mwenye fujo.

Sasa tuangalie ukoo wa Uchiha ndani ya Naruto. Nguvu yao yote iko ndani ya macho, na majina ni yale yale: Amaterasu ni moto mweusi wenye hauzimike, Tsukuyomi ni ndoto ya mateso, Susanoo ni jitu la roho lenye linamuzunguka mupiganaji na kumukinga. Na Susanoo anakuja paka kwa yule mwenye amekwisha kupata nguvu ya macho yote mawili, sawa vile katika Kojiki alizaliwa wa tatu, nyuma ya macho.

Kama ingekuwa mupango wa majina tu, tungesema mwandishi alifungua kitabu cha zamani na kuchagua maneno yenye kupendeza. Lakini kuna bei. Macho haya yanafunguka kwa mwenye amefiwa na mupendwa wake. Mwenye kuyatumia anapofuka polepole. Mwenye kutumia ile nguvu yenye kuitwa Izanagi, yenye kugeuza jambo la kweli kuwa ndoto, anapoteza mwanga wa lile jicho. Izanagi wa Kojiki aliona kile hakupashwa kuona, na kuona kule kulimutenga na muke wake milele. Kishimoto alichukua wazo hilo, kwamba kuona kuna gharama, na kulifanya sheria ya ukoo muzima.

Mufano mukubwa ni vita vya Itachi na ndugu yake mudogo Sasuke. Itachi anahesabiwa kuwa muuaji wa ukoo wake, alifukuzwa, ni mugonjwa, na macho yake yanazimika. Katikati ya vita, Orochimaru anatoka ndani ya mwili wa Sasuke katika umbo la nyoka wa vichwa nane. Susanoo wa Itachi anamukata na kumufungia ndani ya upanga wa Totsuka, upanga wenye kutoka ndani ya kibuyu cha pombe. Mwenye amesoma Kojiki anaelewa mara moja. Kule, Susanoo alifukuzwa mbinguni juu ya fujo zake. Alikuta wazazi wenye kulia, kwa kuwa nyoka Yamata no Orochi, wa vichwa nane, alikuwa karibu kula binti yao wa mwisho. Alimulevya kwa pombe na kumukata. Mutu mwenye alifukuzwa kwa kosa ndiye alimuokoa mutoto wa wengine.

Basi ile hadisi ya zamani inatuambia siri ya Itachi mbele ya Sasuke mwenyewe kuijua: huyu mwenye kufukuzwa hakuja kuua, alikuja kumuondolea ndugu yake nyoka, kisha kufa. Hakuna mutu anasimama kueleza jambo hilo. Mufano wa zamani unafanya kazi ya maelezo marefu. Hiyo ndiyo naita uandishi.

2. Chura, nyoka, konokono

Walimu watatu, Jiraiya, Orochimaru na Tsunade, wanatoka pahali pengine. Majina yao ni ya hadisi ya Jiraiya, yenye ilichapishwa Japani vitabu kwa vitabu kati ya 1839 na 1868: Jiraiya mwenye nguvu za chura, muke wake Tsunade mwenye nguvu za konokono bila nyumba, na adui yao mwenye nguvu za nyoka. Wajapani wana pia muchezo wa mikono wa zamani wa hawa watatu: nyoka anameza chura, chura anakula konokono, konokono anamuyeyusha nyoka. Hakuna mwenye kushinda wote.

Kishimoto hakuishia kwa wanyama. Aliwapa watatu hawa ulizo moja: mutu afanye nini mbele ya kifo? Orochimaru, mwenye alipoteza wazazi, anakataa kufa. Anabadilisha miili sawa nyoka mwenye kuvua ngozi. Tsunade, munganga mukubwa kupita wote, alipoteza ndugu yake na muchumba wake, na sasa anatetemeka akiona damu. Jiraiya anazunguka, anaandika vitabu, anafundisha watoto wa wengine, na anakufa akiacha habari kwa wale wenye watabaki. Mumoja anakimbia kifo, mumoja anaganda mbele yake, mumoja anakipokea. Ukiondoa nyoka, chura na konokono, bado utawatambua. Lakini ukiwarudisha, unawaelewa zaidi. Munyama anaonyesha tabia, hachukui nafasi yake.

3. Mbweha ndani ya mutoto

Hapa ndipo jambo linatugusa. Siku Naruto alizaliwa, mbweha wa mikia tisa alishambulia muji. Kule Japani, mbweha wa mikia tisa ni munyama wa hadisi za kale, mwerevu na wa kuogopesha. Mukubwa wa muji, Hokage wa Ine, alimufungia ndani ya tumbo la kile kitoto, kisha akafa. Wakubwa walikatazwa kusema habari hiyo, lakini hawakukatazwa kuchukia. Wanamukimbia mutoto, wanavuta watoto wao mbali naye. Wale watoto hawajui sababu, ila wanajifunza dharau kwa macho ya wazazi wao.

Musomaji wa kwetu hahitaji mafasirio mengi. Sisi pia tunajua watoto wenye waliitwa walozi, wakafukuzwa nyumbani juu ya kifo cha muzazi, ao ugonjwa, ao kazi yenye ilipotea. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumushitaki mutoto ulozi. Lakini sheria haiingie katika kila nyumba. Kijana mwenye anaangalia sura ya kwanza ya Naruto anaona mwalimu Iruka, mwenye wazazi wake waliuawa na yule mbweha, akipokea silaha mugongoni mwake kusudi amukinge Naruto, na kusema wazi kwamba huyu mutoto siyo mbweha. Mutu mwenye alikuwa na haki ya kuchukia kupita wote ndiye wa kwanza kukataa.

Lakini tusilinganishe kwa haraka. Ndani ya hadisi, munyama yumo kweli. Kwetu hayumo. Kijana anaweza kutoka mbele ya televizyo akisema: «Munaona? Kuko batoto benye kubeba kintu.» Mwalimu ao muzazi asipofika pale, mufano muzuri unaweza kutumika vibaya. Ni lazima tuseme wazi: Kishimoto anatumia mbweha kwa kuonyesha kile chuki ya watu wengi inapanda ndani ya mutoto. Ndiyo maana mbele sana ya hadisi tunajifunza kwamba mbweha naye ana jina, Kurama, na kwamba alichukia watu kwa kuwa walimutumia sawa silaha. Naruto anapata amani naye siku anakubali kumusikiliza na kubeba uchungu wake. Nguvu peke yake haikutosha. Muzigo uliwekwa juu ya mutoto bila kuulizwa. Heshima yake ni namna aliubeba.

4. Pale jina linabaki jina

Sifa hizo zisitufunge macho. Hadisi ilianza na mutoto wa hakuna mutu. Katika vita vyake na Neji, mwenye aliamini kwamba kuzaliwa ndiko kunaamua yote, Naruto alisimama juu ya wazo kwamba mutu hafungwi na kuzaliwa kwake. Watoto wengi walimupenda juu ya siku ile. Kisha, pole pole, tunaambiwa kwamba ni mutoto wa Hokage wa Ine, kwamba alitabiriwa, na mwisho kwamba ndani yake anarudi Ashura, na ndani ya Sasuke anarudi Indra. Majina haya mawili yanatoka India, na hapa yamekuwa watoto wa babu mumoja wa kale. Kwa namna hiyo mwandishi anamupa Neji haki bila kutaka: kuzaliwa kuliamua. Hadisi ya zamani, yenye ilisaidia tabia, sasa inaifunika.

Kosa kubwa zaidi ni Kaguya. Katika hadisi ya zamani ya mukata-mianzi, binti Kaguya anakutwa ndani ya muanzi, anakataa wachumba wakubwa, na mwisho anarudishwa mwezini huku wazazi wenye walimulea wanalia. Ni hadisi ya uchungu wa kuachana. Ndani ya Naruto anatokea karibu na mwisho sawa adui wa mwisho, mwenye nguvu kupita wote na maneno machache kupita wote. Jina lilikuja, uchungu ulibaki njiani.

5. Muchezo wenye kukumbuka na muchezo wenye kusahau

Michezo ya video inaonyesha tofauti hii vizuri zaidi. Katika michezo ya kupigana yenye ilitolewa katika Naruto, kijana anabonyeza, moto wa Amaterasu unatoka, anangoja nguvu irudi, anabonyeza tena. Macho ya Sasuke hayazimike. Bei imeondolewa, jina limebaki.

Kuna muchezo mwingine, Okami, wa kampuni Capcom, wa mwaka 2006. Humo muchezaji ni Amaterasu mwenyewe katika umbo la mbwa-mwitu mweupe mwenye hasemi hata neno moja. Kazi yake ni kurudisha uhai: kuchanua miti, kulisha wanyama, na kwa sifa za wale anaosaidia nguvu yake inaongezeka. Pembeni yake kuna Susano, mulevi mwenye kujisifu. Anafikiri upanga wake unakata mawe, kumbe Amaterasu ndiye anakata kwa siri. Siku anajua ukweli, anatamani kukimbia. Lakini nyoka wa vichwa nane yuko pale, na binti Kushi yuko hatarini. Ni hadisi ya Kojiki, lakini imegeuka ulizo la tabia: shujaa wa uongo atafanya nini siku sifa zinaisha? Mikono ya muchezaji inajifunza jibu pamoja naye.

6. Kwa wachoraji wetu

Vijana wetu wanaanza kuchora, na wamoja wanataka kumuchora Mwindo. Ni jambo jema. Hadisi ya Mwindo ya Wanyanga iliandikwa mwaka 1956 kutoka kinywa cha mwimbaji She-Karisi Rureke, na ikatolewa kitabuni mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Humo muko kila kitu chenye anime inatafuta: baba mwenye kukataa mutoto mwanaume, mutoto mwenye kufungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, fimbo ya mukia wa nyati, safari kwa wafu.

Hofu yangu ni kwamba watachora fimbo na kusahau mwisho. Kwa kuwa Mwindo, nyuma ya kushinda, aliua joka lenye lilikuwa rafiki wa Nkuba, mungu wa radi. Nkuba akamupandisha juu. Mwaka muzima Mwindo alipata baridi na mateso, mbele ya Mvua, Mwezi na Jua, bila fimbo kumusaidia, na alifundishwa kutoua wanyama ovyo. Alirudi kutawala akiwa mutu mwingine, na yeye mwenyewe akawapa watu wake sheria. Wazee wa Wanyanga hawakumuacha shujaa wao na nguvu bila deni.

Mwenye atamuchora Mwindo, achore ule mwaka wa baridi.