Pambo Liwakalo na Pambo Limetalo: Tahakiki ya Dai Kwamba Teknolojia ya Mwanga Itachukua Nafasi ya Vito vya Jadi

Dai kwamba mapambo yenye taa yatachukua nafasi ya mkufu, bangili na ushanga hutolewa kana kwamba limezuka juzi. Umri wake ni zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1867, katika Maonyesho ya Kimataifa ya Paris, ilionyeshwa pini ya tai iliyobuniwa na Gustave Trouvé, yenye umbo la fuvu la kichwa. Ilipounganishwa na betri ndogo iliyofichwa mfukoni mwa kizibao, fuvu hilo lilizungusha macho na kutafuna meno. Baadaye Trouvé alitengeneza mapambo ya kuwaka kwa ajili ya jukwaa. Mwaka 1882, katika ukumbi wa Savoy jijini London, waigizaji wa opera ya Iolanthe walivaa nyota za umeme vichwani. Mwaka uliofuata, jijini New York, Alice Vanderbilt alihudhuria dhifa akiwa amevaa gauni la mbunifu Charles Frederick Worth, akiinua taa iliyowashwa kwa betri iliyofichwa ndani ya vazi lenyewe. Wakati huo kituo cha umeme cha Edison katika mtaa wa Pearl kilikuwa hakijatimiza hata mwaka tangu kianze kazi.

Vyote hivyo vilistaajabiwa, na hakuna hata kimoja kilichoondoa lulu shingoni mwa mtu. Gauni la Vanderbilt lingalipo katika makumbusho ya jiji hilo, na kinachohifadhiwa humo ni hariri na tarizi. Umeme uliolipatia jina ulikwisha pamoja na betri ya usiku ule.

Kazi za karibuni zinastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko zinavyotazamwa na wapenzi wake au wapinzani wake. Mwaka 2007 Hussein Chalayan alionyesha mkusanyo alioupa jina Airborne, wenye gauni lililobeba taa za LED 15,600 pamoja na vioo vya Swarovski. Mwaka 2009 kampuni ya CuteCircuit ya London ilitengeneza GalaxyDress, gauni lenye nukta za mwanga 24,000, kwa ajili ya Makumbusho ya Sayansi na Viwanda ya Chicago. Mwaka 2016 Zac Posen alimvika mwigizaji Claire Danes gauni la buluu lililofumwa kwa nyuzi zipitishazo mwanga. Kati ya hizo, kazi ya Chalayan ndiyo yenye kina, na sababu yake ni ya kufundisha. Hakuiachia taa ifanye kazi yote peke yake. Aliupitisha mwanga katika kioo kilichochongwa ili uvunjike na kutawanyika. Yaani hata katika vazi linalotajwa mara nyingi kama mfano wa mustakabali, taa iliomba msaada wa kito.

Jambo la pili linahusu mahali. Mavazi haya yanahitaji giza. Taa ya LED iliyowekwa kwenye nguo hushindwa na jua la saa sita mchana. Huonekana kama kipande cha plastiki chenye waya. Kola nyeupe ya ushanga inayovaliwa na mwanamke wa Kimaasai imebuniwa kwa jua hilohilo, katika uwanda usio na kivuli, ionekane kutoka mbali kabla sura ya mwenye nayo haijatambulikana. Vibati vya madini vinavyoning'inia pembeni mwake hulia mvaaji anapopandisha mabega katika ngoma. Pambo hilo husikika kabla ya kuonekana usiku, na mchana huonekana kabla ya kusikika. Kulilinganisha na vazi la ukumbini bila kutaja jua ni kuuacha nje ya hesabu mwanga ulio mkubwa kuliko wote.

Msamiati wa Kiswahili unasaidia hapa kuliko istilahi za wauzaji. Taa huwaka, dhahabu humeta, hung'ara, humemeteka. Mpaka huo si ukuta. Nyota nazo humeta, na mdudu atoaye mwanga wake mwenyewe huitwa kimetameta au kimulimuli. Hata hivyo, ni vigumu kumsikia mtu akisema mkufu wa dhahabu unawaka, isipokuwa umetupwa jikoni. Kilichomo ndani ya tofauti hiyo ni uhusiano. Kinachometa hukopa mwanga wa jua, wa karabai au wa mshumaa, na kuurudisha kwa anayetazama. Kipini cha dhahabu puani mwa mwanamke wa pwani huonekana anapougeuza uso, na kwa hiyo mwendo wa kichwa chake ni sehemu ya pambo. Kinachowaka hakimngoji mtu ageuke. Tena, kitenzi kuwaka kina mwenzake kuzima, ilhali kumeta hakuna mwenzake wa namna hiyo. Fedha ikiingia weusi husuguliwa ikarudi.

Isidhaniwe kuwa hoja hii inatetea asili dhidi ya ugeni. Hoja ya ugeni ni dhaifu kuliko zote zinazotolewa katika mjadala huu, nayo huangushwa na ushanga wenyewe. Shanga za kioo zinazotambulisha Umaasai leo zilitoka katika viwanda vya Venice na Bohemia na kufika bara kwa mikono ya wafanyabiashara. Kabla yake mapambo yalikuwa ya chuma, shaba, ngozi, mifupa na mbegu. Katika karne ya 20 hata makopo ya filamu za kamera yaliingizwa katika ndewe za masikio. Donna Klumpp na Corinne Kratz, katika sura yao kuhusu mapambo ya Wamaasai na Waokiek iliyomo katika kitabu Being Maasai cha mwaka 1993, wanayaonyesha mapambo haya kuwa jambo la ujuzi na hukumu: kuna anayejua kupanga rangi na kuna anayekosea, na jirani hutambulikana kwa mpangilio wake. (Orodha zinazouzwa kwa watalii, kwamba nyekundu ni damu, buluu ni mbingu na basi, zinastahili kusomwa kwa tahadhari. Rangi husema kwa kukaa kando ya rangi nyingine.) Kwa hiyo taa nayo yaweza kuingia. Itaingia kwa sharti ambalo kioo cha Venice kilitimiza, la kukubali kupangwa na kuhukumiwa na wanawake wanaojua, na kutofautisha aliyeolewa na asiyeolewa, rika hili na lile. Bangili inayobadili rangi kila sekunde tano haiwezi kutofautisha lolote, kwa kuwa haishiki neno moja muda wa kutosha.

Ugumu halisi uko kwenye uzani. Katika Oman na Zanzibar ya karne ya 19, mapambo mengi ya fedha yalitokana na riale za Maria Theresa, zile sarafu zenye tarehe ya 1780 zilizoendelea kupigwa muda mrefu baada ya malkia huyo kufa. Sonara aliziyeyusha, akazifua kuwa timbi, kekee, furungu na vidani. Kiswahili hakikuona haja ya kutenganisha mambo haya: fedha ni madini, na fedha ni pesa. Mara nyingi, mwenye mapambo alipofariki, vito vyake viliyeyushwa tena, kwa kuwa bibi arusi wa kizazi kilichofuata alitaka vipya. Jambo hili linawashangaza wanaodhani kuwa jadi ni kuhifadhi kitu kilekile. Umbo lilikuwa tayari kufa. Kilichorithiwa ni uzani, na ujuzi wa kuufua upya.

Pambo la mwanga limegeuza utaratibu huo juu chini. Umbo lake limo katika programu, hivyo laweza kunakiliwa bila kikomo. Mwili wake ndio unaokufa. Betri ya lithiamu huchoka baada ya mamia kadhaa ya mizunguko ya kuchajiwa, nyaya hukatika penye mikunjo, na nguo yenye nyaya haipendi kufuliwa. Kikishakufa, hakuna sonara atakayekitia kwenye mizani. Katika jamii za Kiislamu za pwani mahari ni mali ya mke mwenyewe, na dhahabu yake ndiyo akiba asiyohitaji kuombea ruhusa. Mtoto akiugua au ada ya shule ikifika, bangili huwekwa rehani au huuzwa kwa gramu, siku hiyohiyo. Swali la kubadilisha pambo moja kwa jingine, likiulizwa mbele ya mwanamke huyo, huacha kuwa swali la mitindo. Linakuwa swali la nani atamkopesha, na kwa dhamana gani.

Upo upande ambao watetezi wa vito hawaupendi. Mwaka 2007 ilianza kuuzwa LilyPad Arduino, kidude cha kielektroniki kilichobuniwa na Leah Buechley ili kishonwe kwenye nguo kwa sindano na uzi upitishao umeme. Utafiti alioufanya baadaye pamoja na Benjamin Mako Hill ulionyesha kuwa kazi nyingi zilizotengenezwa kwa LilyPad zilikuwa za wanawake, tofauti kabisa na hali ya Arduino ya kawaida. Hapa mwanga ulirudi mikononi mwa mshonaji. Aliyeushona aliweza kuukagua, kuufumua na kuurekebisha, kama afanyavyo mshona ushanga uzi unapokatika. Jambo hili lina thamani kubwa kwa mjadala wa sera kuliko gauni la Chicago, ambalo anayelivaa hana namna ya kulitengeneza.

Mshauri wa sera anayepelekewa pendekezo la kuwafundisha wasichana kutengeneza bangili za taa badala ya ushanga anapaswa kuanzia hapo, na neno la kulitilia shaka ni badala. Katika Afrika Mashariki ushanga unaingiza kipato sasa hivi, kwa mtaji mdogo, katika kazi inayofanyika huku watoto wakiangaliwa na mazungumzo yakiendelea. Bangili ya taa hutegemea betri na vipande vinavyoagizwa kutoka ng'ambo, na bei yake huanguka mara toleo jipya linapotoka. Pendekezo lisilosema ni nani atakayebadilisha betri, na bangili iliyokufa itakwenda wapi, limeacha nusu ya gharama nje ya bajeti. Rwanda ina kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki huko Bugesera, na Nairobi nako kuna kituo cha kazi hiyo, lakini sehemu kubwa ya eneo hili bado hutupa betri pamoja na maganda ya ndizi.

Kuna njia nyingine ambayo haijajaribiwa vya kutosha. Uzi upitishao umeme, ule ushonwao kwenye nguo, mara nyingi ni nailoni iliyopakwa fedha. Madini yale yale ya kekee na furungu yamekwisha kuingia ndani ya teknolojia hii, ila kwa wembamba usioweza kupimwa sokoni. Vyuo vya ufundi stadi vinaweza kumweka fundi wa elektroniki na sonara katika karakana moja na kuwapa kazi mahususi: kidani ambacho taa yake huchomoka kwa skrubu ikiisha, na ambacho bila taa hiyo kingali fedha ya gramu zinazojulikana. Kidani hicho kingemeta mchana na kuwaka usiku, na betri ikifa mwenyewe angeendelea kukivaa, au kukipeleka kwa sonara akalipwa kwa uzani.