Kuuliza na Kusikiliza Katika Habari za Pemba

Si haba vitabu vilivyoandikwa juu ya kisiwa cha Pemba, na waalimu wetu wanaokwenda kusomea shahada ya uzamili huvikuta vimepangwa maktabani, kila kimoja na heshima yake. Na kwa kuwa wengi wao siku hizi hufundishwa ile namna ya utafiti isiyohesabu watu bali huwasikiliza, yaani utafiti wa kimaelezo, yafaa vitabu hivyo tuvipime kwa swali moja: mwandishi aliyajuaje hayo anayoyasema? Alimwuliza nani, kwa lugha gani, na yule aliyeulizwa alimdhania kuwa ni nani?

Kapteni Craster, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1913, tusimkawilie. Alikuja kupima nchi ili ichorwe ramani, na watu aliwaona kama aonavyo mpimaji, kwa mbali na kwa haraka. Wala hakujidai zaidi ya hayo.

Wa kukawiliwa ni Evelyn Waugh, mtunga hadithi wa Uingereza, aliyepita Pemba safarini na kutoa kitabu kiitwacho Remote People mwaka 1931. Humo alieleza ya kuwa Pemba ni kama chuo kikuu cha uchawi, na wanafunzi wake hutoka bara ya mbali, hata Haiti, ng'ambo ya bahari nyingine. Habari ya Haiti aliitoa kwa kusikia tu. Mwenye kusoma na atafute katika maneno hayo mwanafunzi mmoja wa Haiti, au mwalimu wake, au kijiji alichokaa: hatampata. Ni uvumi uliotiwa wino na mtu ajuaye sana kuandika, na ufasaha wake ndio uliouhifadhi. Tangu hapo waandishi wa kuwaongoza wasafiri wameunakili mmoja baada ya mwingine, hata ukawa kama jambo lililothibitishwa na wengi, hali asili yake ni moja, tena dhaifu. Tena neno moja la Kiingereza limefunika mawili ya kwetu. Mganga huitwa mchana, hulipwa, na jamaa wa mgonjwa humsifu kwa jina lake, mchawi hakuna amkiriye, wala hakuna asemaye, "Mimi ndiye." Mwenye kuuchanganya uganga na uchawi ameharibu uchunguzi wake kabla hajabisha hodi.

Bwana W. H. Ingrams ni mtu mwingine kabisa. Yeye alitumikia serikali ya Zanzibar miaka kadhaa, Pemba pia, akajua Kiswahili, na mwaka 1924 alitoa makala juu ya lahaja za visiwa hivi. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1931, juu ya historia ya Zanzibar na watu wake, kingali na faida. Mtu asiyekisoma asijisifu kuwa amesoma habari za Pemba. Lakini alikuwa mtu wa serikali, na hilo halikumtoka alipokaa barazani. Mkulima aliyeulizwa desturi zake na Bwana Shauri alikuwa akimjibu mtu awezaye kesho kumwita kwa jambo jingine. Je, alisema yote? Je, alisema yaliyo, au yaliyofaa kusemwa mbele ya bwana? Ingrams huandika desturi kana kwamba ni za Washirazi wote, na sauti ya msemaji mmoja mmoja huisikii sana. Tungependa kusikia: huyu alisema hivi, na jirani yake akambishia.

Asije mtu akasema twawahukumu maofisa tu na kuwasamehe wa kwetu. Kanoni Godfrey Dale wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ndiye aliyetoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923, aliandika kabla ya hapo, mwaka 1920, kitabu kidogo juu ya desturi na imani za watu wa Zanzibar. Elimu yake ilikuwa kubwa, na subira yake pia. Hata hivyo aliuliza ili apate kujibu, na mwenye kuuliza ili ajibu husikia zaidi yale aliyo na jibu lake. Hili latuhusu sisi waalimu na makasisi hasa, maana ndiyo desturi ya kazi yetu.

Wataalamu wa elimu hii humtaja Malinowski, aliyekaa katika visiwa vya Trobriand na kutoa kitabu chake mwaka 1922, akisisitiza ya kuwa mchunguzi aishi na watu na kujua lugha yao. Ni kweli, na Jomo Kenyatta alisoma kwake London kabla ya kutoa kitabu juu ya Wakikuyu mwaka 1938. Lakini kwa mwalimu wa Pemba anayechunguza Pemba fundisho hilo limegeuka. Yeye lugha anayo na kukaa amekaa. Shida yake ni kuwa anajulikana: ni mtoto wa fulani, amemfundisha mjukuu wa huyu, ni Mkristo katika kisiwa cha Waislamu. Bibi wa Micheweni atamwambia, "Mwanangu, hayo si unayajua?" na mazungumzo yamekwisha hapo. Ni lazima ajifunze kuuliza lile ambalo kila mtu amdhania kulijua, wala asione haya.

Sasa niseme juu ya tasnifu za siku hizi. Nyingi nilizosoma zina sura nene ya njia za utafiti na sura nyembamba ya waliyosema watu. Mwandishi hueleza ya kuwa aliwahoji watu kumi na wawili, kwa sababu wataalamu wamesema kumi na wawili watosha. Asili ya hesabu hiyo ni makala ya Guest, Bunce na Johnson ya mwaka 2006. Hao walirudia kuyapitia mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona ya kuwa baada ya kumi na mawili ya kwanza hayakuzuka mambo mengi mapya. Lakini wanawake wale walifanana kwa hali, wakaulizwa maswali yaliyofanana, juu ya jambo lililokwisha kupangwa. Wenyewe waliandika sharti hizo. Mwenye kuchukua hesabu na kuziacha sharti, akaipeleka kwa wavuvi, wachumaji wa karafuu, masheha na waganga kwa pamoja, amechukua kipimo cha nguo na kupimia maji.

Jambo la pili ni karatasi ya ridhaa. Vyuo huitaka, na shabaha yake ni njema, kumlinda anayeulizwa. Lakini Pemba ina kumbukumbu zake. Yalikuwako mambo ya baada ya Mapinduzi ya 1964, kisha Januari 2001, wakati watu walipouawa kwa risasi siku ya maandamano, na wengine wengi wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, nchi ya Kenya. Mzee aliyeyaona hayo akiletewa karatasi atie sahihi au dole gumba kabla hajasema neno, haoni kinga, aona orodha. Basi hunyamaza, au husema maneno laini, na mwanafunzi huandika ya kuwa watu hawana maoni juu ya jambo hilo. Ridhaa ya mdomo, ikashuhudiwa na mtu wa nyumbani, huwa na nguvu zaidi, nayo kanuni za utafiti haziikatai panapo sababu. Inampasa mwanafunzi aieleze sababu hiyo kwa wakuu wake, badala ya kuificha na kulaumu watu kwa unyamavu.

Tena Lincoln na Guba, katika kitabu cha mwaka 1985, walitaka mchunguzi awarudishie wasemaji yale aliyoyapata, wapate kuyasahihisha. Hili lingekuwa jepesi kabisa hapa, barazani baada ya alasiri. Lakini tasnifu imeandikwa kwa Kiingereza, na msemaji hawezi kujisoma humo. Hata maandishi ya Kiswahili yaliyotangulia tafsiri mara nyingi yamekwisha kupigwa pasi. Msemaji alisema "kaja". Mwanafunzi, akiogopa kuonekana mshamba, huandika "amekuja", au "alikuja", kama apendavyo. Lakini la kwanza laweza kumaanisha kuwa mtu yupo bado, na la pili halisemi hivyo. Basi mwanafunzi ameamua jambo ambalo msemaji hakuulizwa, wala hatatambua ya kuwa limeamuliwa kwa jina lake.

Kwa upande huu Whiteley, aliyetoa mwaka 1958 kijitabu juu ya lahaja na mashairi ya Pemba, angali mwalimu mwema, kwa kuwa aliyaacha maneno ya Kipemba yalivyo na kuyaeleza pembeni. Na katika vya karibuni naisifu zaidi tasnifu ya Nathalie Arnold, aliyoitoa katika Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 2003. Naye aliandika juu ya nguvu za siri, jambo lile lile la Waugh, lakini hakutafuta chuo cha wachawi. Alitafuta sababu ya wazee kuyasimulia hayo pamoja na habari za Mapinduzi, na hapo uvumi wenyewe hugeuka kuwa ushahidi, si wa uchawi, bali wa yale watu waliyopoteza. Anwani yake yaanza kwa Kiswahili: Wazee Wakijua Mambo. Mtu wa bara akiisoma hudhani ni sentensi isiyokwisha, "kama wazee wakijua mambo", akangojea itakuwaje. Lakini hapa "wakijua" ni habari ya zamani iliyokuwa ikiendelea: wazee walikuwa wakiyajua mambo, na sasa sivyo. Msahihishaji wa kwetu angeiandika "walijua" bila kusita, na ile huzuni iliyomo katika silabi moja ingekwenda zake.