Tanzia ya Wayunani na Utenzi wa Vita vya Mrima

Neno tanzia lina maana mbili katika Kiswahili, na maana ya kwanza huidhulumu ya pili. Katika mji wa Tanga, kama katika miji mingine ya pwani, tanzia ni habari ya msiba: mtu amefariki, watu waitwe mazikoni. Katika vitabu vya uhakiki, tanzia ni jina la mchezo wa kuigiza wa namna iliyokulia Athens kabla ya Kristo. Mwanafunzi aliyelelewa na maana ya kwanza huingia darasani akidhani kwamba mchezo wenye maiti mwishoni ni tanzia, na usio na maiti sio. Kosa hili si dogo, kwa kuwa huzaa hukumu potovu juu ya kazi za nyumbani.

Wayunani wenyewe hawakuipima tanzia kwa hesabu ya maiti. Edipode, ambaye Waswahili wamepata kumsoma kwa lugha yao tangu tafsiri ya Samuel Mushi ilipotoka mwaka 1971, hafi katika mchezo wenye jina lake. Mkewe hujinyonga, yeye hujitoboa macho akaishi. Michezo mitatu ya Aeschylus juu ya nyumba ya Orestes, iliyochezwa mwaka 458 K.K., hukoma kwa hukumu ya baraza na kuachiliwa kwa mshitakiwa. Aristotle alieleza kuwa tanzia ni uigaji wa tendo zito, lililo kamili, kwa njia ya watu watendao na si kwa masimulizi, nao huamsha huruma na hofu. Mtu afaaye kwa mchezo huo si mwema wa kupindukia wala si fasiki. Ni mtu aangukaye kwa kosa, nalo kosa hilo laweza kuwa kutojua tu.

Kwa mizani hiyo yafaa kupima kazi moja ya Tanga ambayo wasomaji wengi huiita tanzia bila kusita: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, 1307 A.H., wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, uliohaririwa na J. W. T. Allen. Habari zake ni za vita vilivyowaka Pangani mwaka 1888, Kampuni ya Wadachi ilipotaka kutawala pwani kwa mkataba wa Sultani wa Unguja, vikazimwa na jeshi la Hermann von Wissmann. Abushiri bin Salim al-Harthi, kiongozi mkuu wa vita hivyo, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mtunzi aliandika juu ya msiba wa watu wake, tena wakati jeraha lilikuwa bado bichi.

Katika jambo hili Hemedi alithubutu kufanya neno ambalo Athens iliwahi kulipiga marufuku. Herodotus asimulia kwamba Phrynichus alitunga mchezo juu ya kutekwa kwa Miletus, mji wa ndugu zao ulioanguka mwaka 494 K.K. Watazamaji wote walilia. Kisha wakamtoza mtunzi drakma 1000 kwa kuwakumbusha msiba wao, na mchezo ukakatazwa usichezwe tena. Aeschylus alipita njia ya salama zaidi. Mwaka 472 K.K. alionyesha kushindwa kwa Waajemi katika bahari ya Salamis, akawaweka watazamaji washindi mbele ya kilio cha adui. Hemedi hakuwa na njia hiyo. Walioshindwa ni wake, na wasikilizaji wake ni hao hao.

Je, utenzi huu ni tanzia? Jibu la haraka ni kwamba sio, kwa kuwa ni masimulizi. Lakini jibu hilo halitoshi. Aristotle huyo huyo alimsifu Homer kwa kusema machache mwenyewe na kuwaacha watu wake waingie na kunena. Watunzi wa tendi za pwani wana ustadi huo: hugawa beti kwa wasemaji, wakatuma barua na kujibu, hata msomaji mmoja mwenye sauti nzuri akawa baraza zima. Utenzi wauweza mlango wa jukwaa. Kinachouzuia kuingia ni kingine.

Kinachouzuia ni mahali kosa linapowekwa. Katika mchezo wa Aeschylus, Xerxes anaangushwa na kiburi chake, na mzuka wa baba yake ndio unaomlaumu; hakuna Myunani hata mmoja anayetajwa kwa jina. Mshindwa ahukumiwa na watu wa nyumba yake. Katika utenzi wa Hemedi uzito wa lawama umo juu ya Wadachi, kwa ujeuri wao na tamaa yao. Hukumu hiyo ni ya haki, wala haipunguzi thamani ya kazi. Ila aliyedhulumiwa huamsha huruma peke yake. Hofu haiji mpaka msikilizaji aone kwamba mtu kama yeye, mwenye akili na nia njema, alishika njia iliyompeleka shimoni.

Na njia hiyo ilikuwapo. Abushiri alikuwa na shamba la miwa katika bonde la Pangani, naye alikuwa adui wa masultani wa Unguja kabla Wadachi hawajafika. Mtu huyu aliongoza watu walioghadhibishwa na mkataba wa sultani asiyemtii. Aliwateka wamisionari akawaachilia kwa fidia. Alifanya suluhu na Wadachi, na suluhu hiyo ikampa adui nafasi ya kujitayarisha. Kisha ngome yake karibu na Bagamoyo ikaanguka mwezi wa Mei 1889. Mambo haya yangetosha mchezo mzito. Ebrahim Hussein alifanya kazi ya namna hiyo kwa vita vya kusini, katika Kinjeketile ya mwaka 1969. Shujaa wake atoa neno la maji ili kuunganisha watu, neno lamshinda nguvu, na mwishoni akataa kulikana ingawa ajua kuwa risasi hazikugeuka maji. Hapo huruma na hofu zakaa pamoja, wala hapana haja ya kuhesabu maiti.

Basi utenzi wa Tanga usiitwe tanzia kwa kuuenzi, wala usidharauliwe kwa kuwa sio. Ni ushahidi na ni maombolezo, na umefanya kazi ambayo mchezo wa Phrynichus ulizuiwa kuifanya: kuukumbusha mji msiba wake, na mji ukakubali kuukumbuka. Kazi iliyobaki ni ya mtunzi wa michezo. Hemedi ameuliza ni nani aliyewadhulumu watu wa Mrima, naye amejibu. Tanzia ya Pangani itaanza siku mtunzi atakapomsimamisha Abushiri jukwaani na kumwuliza yeye mwenyewe.