Damu kwenye Ngoma

Kila Januari lazima mtu aweke kwenye status kile kipande cha Whiplash: kijana anapiga ngoma mpaka mikono inatoka damu, anaitumbukiza kwenye maji ya barafu, anarudi kupiga. Chini yake, maneno ya kujituma. Mimi niliacha chuo ili niandike, kwa hivyo hizo video hunifikia kama maombi ya mashangazi, nyingi na kwa nia njema. Filamu yenyewe nimeicheki mara nne na naipenda. Lakini inatudanganya kuhusu jambo moja, na uongo huo ndio tunaotumiana.

Kwa wasioijua, ni kazi ya Damien Chazelle ya 2014. Andrew yuko mwaka wa kwanza kwenye chuo cha muziki New York, na anataka kuwa mpiga ngoma mkubwa wa jazz. Mwalimu wake, Fletcher, anamrushia kiti, anamzaba makofi, anamtusi kwa habari za mama aliyemwacha akiwa mtoto. J.K. Simmons alishinda Oscar kwa huyo Fletcher, na alistahili. Ile ngumi anayoifunga hewani kunyamazisha bendi hunifanya hata mimi nikae wima kitini.

Fletcher anaamini kumsifu mwanafunzi ni kumuua. Ushahidi wake ni Charlie Parker: ati Jo Jones alimrushia toazi nusura amkate kichwa, Parker akalia, akafanya mazoezi mwaka mzima, akarudi akiwa gwiji. Hadithi tamu, bana. Ila kisa chenyewe ni cha Kansas City, 1936, Parker akiwa bado hajafika miaka 17, na Gene Ramey, mpiga besi aliyekuwepo, alisimulia kwamba toazi lilitupwa sakafuni, miguuni pake. Watu wakacheka. Ilikuwa aibu, wala si jaribio la kuua.

Na kilichofuata ndicho Fletcher anakiruka. Kiangazi cha 1937 Parker alienda milima ya Ozark kupiga na bendi kwenye hoteli za watalii. Alibeba rekodi za Lester Young akiwa na Count Basie, akazirudia mpaka akazijua kwa moyo, na wenzake kwenye bendi wakamfundisha jinsi nyuzi za muziki zinavyopangwa. Alikuwa amezama kabisa, ndiyo. Lakini alikuwa na masikio wazi na watu wa kumwonyesha alipokosea.

Sasa mtazame Andrew. Wapiga ngoma wenzake ni wapinzani tu. Wapiga saksafoni hatuwajui hata kwa majina. Nicole, msichana wake, anamwacha kabla hata hajalalamika, kwa sababu amepiga hesabu kwamba siku moja atalalamika. Hatumwoni hata mara moja akikaa na msee wa besi waulizane wimbo unaenda wapi. Jazz, muziki wa watu kujibizana, inageuzwa mbio za mita mia. Kasi inapimika na damu inaonekana, kwa hivyo kamera inazipenda. Kusikiliza, utakuonyeshaje?

Hapo ndipo inanigusa kikazi. Nalipwa kwa makala, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba haulizi nilikesha usiku mara ngapi. Saa zilizoninyoosha kama mwandishi ni zile rafiki aliponiambia aya ya pili haisemi kitu, nami nikakaa nayo hadi ikasema. Hakuna mtu angeweka hiyo kwenye status. Inachosha hata kuitazama.

Nikubali pia kwamba filamu ina akili kuliko mashabiki wake. Inamtaja Sean Casey, mwanafunzi wa zamani wa Fletcher aliyejinyonga, na inamwonyesha Fletcher akiwaambia wanafunzi kwamba ilikuwa ajali ya gari. Kwenye meza ya chakula Andrew anasema afadhali afe mlevi na maskini akiwa na miaka 34, mradi watu wamzungumzie. Hiyo 34 ni umri aliokufa nao Parker, mwaka wa 1955. Halafu mwisho, Andrew anapiga ngoma kama mtu aliyepagawa, Fletcher anatabasamu, na ukumbi mzima wa sinema unataka kusimama. Wakati huohuo babake amesimama nyuma ya jukwaa, anachungulia kwenye mwanya wa mlango. Hapigi makofi. Anamtazama mwanawe kama mtu anayetazama gari likiondoka na mtoto wake ndani.