Munich 1972: Saa Kwanza, Mpira Baadaye

Fainali ya mpira wa kikapu ya Olimpiki ya Munich, Septemba 1972, bado inazua ubishi: nani alistahili dhahabu, Marekani au Umoja wa Kisovieti? Kwa anayeshika filimbi, lenye faida zaidi ni kutazama jinsi sekunde tatu zilivyochezwa mara tatu, na hatua ipi iliharibu kazi.

Zikiwa zimebaki sekunde tatu, Doug Collins alifunga mitupo yake miwili ya adhabu, Marekani ikaongoza 50 kwa 49. Alipokuwa akijiandaa kwa mtupo wa pili, honi ya mezani ililia. Benchi la Wasovieti lilidai limeomba taimauti na halikupewa. Mpira ukarushwa ndani, vurugu ikazuka mezani, na mwamuzi Mbrazili Renato Righetto akasimamisha mchezo saa ikionyesha sekunde moja.

Hapo palihitaji uamuzi mmoja. Kama urushaji ule ulikuwa halali, ibaki sekunde moja. Kama meza ilikosea kuhusu taimauti, urushaji ufutwe na zirudi tatu. Kila upande una hoja, ila wa kuamua ni waamuzi wa mchezo. Badala yake, Renato William Jones, katibu mkuu wa FIBA, alishuka kutoka jukwaani akaagiza zirudishwe tatu, ingawa kanuni hazikumpa mamlaka hayo.

Kosa lililofuata ndilo baya zaidi. Wasovieti walipewa mpira wakati mtunza muda bado anahangaika kurekebisha saa, nayo ikisoma sekunde 50. Pasi ndefu ikapotea, honi ikalia, Wamarekani wakaanza kushangilia. Kwa kuwa saa haikuwa imewekwa, mchezo ukarudiwa tena. Safari hii Ivan Edeshko alirusha mpira kutoka mstari wa mwisho hadi chini ya kikapu cha pili, Alexander Belov akaudaka na kufunga: 51 kwa 50. Rufaa ya Marekani ilikataliwa kwa kura 3 dhidi ya 2, na wachezaji wake hawajachukua medali zao za fedha.

Kanuni za FIBA za leo zinaruhusu waamuzi kusahihisha muda uliozidi au uliopungua wakati wowote kabla mwamuzi mkuu hajatia saini karatasi ya mchezo. Penye mfumo wa video, picha husaidia kujua saa ilipaswa kusoma ngapi. Pasipo video, ushahidi upo kwingine. Tuseme timu inarusha mpira ndani robo ya tatu, saa ya mchezo inaganda kwenye 4:12, lakini ile ya sekunde 24 inatembea vizuri. Filimbi inapolia, hii ya pili inasoma 17. Zimetumika sekunde saba, kwa hiyo saa ya mchezo iwekwe 4:05. Bila ushahidi wa namna hiyo, mwamuzi asikubali kubuni namba ili kutuliza kocha.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Simamisha mchezo mapema, bila kuikata timu inayokaribia kufunga. Shika mpira mwenyewe. Rudisha wachezaji kwenye mabenchi, kisha kaa na mwenzako pamoja na mtunza muda, kila mmoja aseme alichokiona kabla ya kusikia makocha. Mkiafikiana, waite makocha wote wawili pamoja, uwaambie muda uliobaki, mpira ni wa nani na unarushwa kutoka wapi. Baada ya hapo inua macho usome ubao wewe mwenyewe, maana kuambiwa "tayari" hakutoshi. Namba ikiwa sahihi, ndipo unapotoa mpira.

Dakika ya mwisho huonyeshwa kwa sehemu za kumi za sekunde, na hapo umakini unalipa zaidi. Saa ikisoma 0.3, mchezaji anaweza kudaka na kurusha. Ikisoma 0.2 au 0.1, anaruhusiwa tu kuusukuma mpira moja kwa moja au kuubamiza kikapuni. Kuwarudishia sehemu moja isiyo yao kunabadilisha hata aina ya kikapu kinachokubalika.

Sekunde tatu za Jones zinaweza kupata mtetezi, hata kama yeye hakuwa na haki ya kuziagiza. Kutoa mpira huku saa ikisoma 50 hakuna wa kukutetea, na kosa hilo lingeepukwa kwa kutazama ubao mara moja tu.