Juma la Tudor kwa Kalamu ya Wino

Kalenda ya simu hubadilisha siku saa sita za usiku. Tudor, kama kwingineko kisiwani Mombasa, siku hubadilika kwa adhana ya Magharibi. Mtu akialikwa maulidi usiku wa Ijumaa, mwenyeji anamtarajia jioni ambayo simu bado inaiita Alhamisi. Aliyeiamini simu atafika kesho yake, akute majamvi yamekunjwa na sinia zimeshaoshwa.

Mkazi wa mtaa huu haishi kwa kalenda moja. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopo papa hapa Tudor na kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2013, ana vipindi na mitihani inayofuata miezi ya Kizungu. Nyumbani kwao saumu, maulidi na Idi hufuata mwezi mwandamo. Huko chini kwenye hori la Tudor, wavuvi hufuata maji. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapotimia. Siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na ufuo huachwa wazi saa nne au saa tano za asubuhi. Kila siku inayofuata maji hukawia kwa kama dakika 50.

Simu inaweza kuonyesha kila moja ya kalenda hizi kwa programu yake. Kuzikutanisha kwenye ukurasa mmoja, kwa mpangilio anaoutaka mwenyewe, bado ni kazi ya mkono. Hapo ndipo ratiba ya juma ya karatasi inapojipatia heshima yake.

Kuichora si kazi kubwa. Panahitajika daftari la jalada gumu, rula, na kurasa mbili zinazotazamana zigawanywe safu nane. Safu saba ni za siku, kuanzia Jumamosi, ambayo ndiyo siku ya kwanza katika hesabu ya Waswahili. Ya nane ni ya mambo yasiyo na siku: deni la fundi cherehani, barua isiyojibiwa, mgonjwa wa kwenda kutazamwa. Kisha kila safu hukatwa kwa mstari wa kulala, usiku ukawekwa juu na mchana chini, kwa kuwa usiku ndio unaotangulia. Saa nazo huandikwa kama zinavyosemwa, kuanzia saa moja, bila kujumlisha wala kutoa sita. Dayari za dukani, zenye Jumatatu mbele na saa za Kizungu pembeni, hazimpi mtu nafasi hiyo. Wala haziachi pengo la Idi, ambayo hutengewa visanduku viwili mpaka mwezi uonekane.

Kujigawia wakati kwa namna hii ni desturi kongwe ya pwani. Mabaharia na wakulima wa Uswahilini walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365 unaoanzia Nairuzi, wakauhesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo walijua lini kusi itashika na lini shamba lipandwe. Hawakungoja kalenda iletwe kutoka ng'ambo.

Na kwa nini kalamu ya wino, wakati biki inapatikana kila kioski? Kwanza, kwa sababu haihitaji kukandamizwa. Wino hushuka wenyewe kupitia mifereji myembamba iliyo chini ya nibu, huku hewa ikipanda kuchukua nafasi yake. Ufumbuzi huu ndio uliompatia Lewis Waterman hataza yake huko Marekani mwaka 1884, baada ya miaka mingi ya kalamu zilizodondosha wino au kukauka katikati ya neno. Mkono usiokandamiza hauchoki upesi. Pili, nibu huonyesha mwendo wa mwandishi: neno lililoandikwa kwa haraka halifanani na lililoandikwa kwa utulivu, na mwenye daftari hulijua juma lililomwelemea kwa kulitazama tu.

Mombasa na jirani zake wanaijua thamani ya mwandiko. Tungo za mshairi Muyaka bin Haji zingepotea nyingi kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, asingezikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu. Lamu, Muhammad Kijumwa, ambaye pia alikuwa fundi wa kuchonga mbao, alinakili tenzi kwa mkono mzuri hata wasomi wa Ulaya wakawa wanamwagizia kazi. Mjini Mombasa mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah, lililotoka kila juma kwa Kiswahili na Kiarabu. Mwenye jukumu la gazeti la kila juma hujua siku saba zilivyo chache.

Sayansi nayo imeligusa jambo hili la kupanga ratiba kwa karatasi. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo waliwapa vijana 48 kazi ya kuandika ratiba ya miadi na masomo, wengine kwenye daftari la karatasi, wengine kwenye tableti, wengine kwenye simu. Wa karatasi walimaliza kwa kama dakika 11, wa tableti 14, wa simu 16. Walipoulizwa baadaye kuhusu ratiba hiyo, ubongo wa walioandika kwenye karatasi ulionyesha shughuli nyingi zaidi katika sehemu zinazohusika na kumbukumbu. Ni utafiti mmoja, wa watu wachache, lakini ulihusu kazi hii hii ya kupanga siku.

Faida kubwa kuliko zote huonekana jambo linapoahirishwa. Kwenye simu, miadi iliyovunjika hufutwa isibaki hata alama. Wino haufutiki hivyo. Ziara iliyopigwa mstari Jumanne, ikaandikwa tena Alhamisi, ikapigwa mstari tena, inabaki pale ikimtazama mwenyewe. Mwisho wa mwezi daftari linamwambia ni jamaa gani anayemwahidi kila juma na hamfikii.

Kalamu hii ina masharti yake, hasa kwa hali ya hewa ya Mombasa. Joto huitanua hewa iliyo ndani na kuusukuma wino nje, kwa hiyo kalamu inayosafiri kwa matatu ijazwe vizuri na isimamishwe mfukoni, nibu ikiwa juu. Karatasi dhaifu iliyonyonya unyevu hutawanya wino kama utando wa buibui. Inafaa kuijaribu kwa mstari mmoja kabla ya kununua daftari. Wino wa kawaida huchuruzika ukilowa, na masika hayana simile, basi daftari litiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Nibu ioshwe kwa maji safi kila rangi inapobadilishwa.

Anayetaka kujaribu hana haja ya kungoja Januari. Daftari la kujichorea huanzwa Jumamosi yoyote, na safu ya kwanza ya kujazwa ni ile ya nane.